Landrover 109: kabla hujafunga pawa stelingi, lala chini ya gari kwanza

Tangu niweke ile picha ya pikapu ya mjomba ikiwa imeegeshwa sokoni Kasulu, swali limekuwa moja tu. Vijana wenye Landrover za wazee wao wananiuliza: "Bro, nifunge pawa stelingi ya gari gani?" Mmoja ana 109 ya babu yake huko Heru Juu, mwingine kanunua ya kwake Kibondo kwa hela ya maharage. Kilio chao kimoja: usukani mzito, gari inajiendea upande wake, na ikipita kwenye rasta mbele kunatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi.

Jibu langu: usifunge kwanza. Sisemi usifunge kabisa, nasema usianzie hapo. Nitaeleza kwa nini, na humo humo itabidi niseme na aibu yangu mwenyewe, maana nikiificha stori haitakaa sawa.

Kwa ambao mmezaliwa mkaikuta Noah na Probox, ngoja niseme hii gari ni ipi. Landrover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Hii tunayoita mia na tisa imepata jina kutokana na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inchi 109, karibu mita 2.77. Ya mjomba ni Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Yake ni ya 1978, injini ya dizeli lita 2.25, pikapu ya bodi ya aluminiamu ambayo haioti kutu, juu ya chesisi ambayo inaoteshwa kutu na kila tope unalopita. Aliinunua mnadani mwaka 1994, kipindi ambacho Kasulu na Kibondo zilikuwa zimejaa wakimbizi wa Burundi na kila mtu mwenye gari alikuwa na kazi. Imemsomesha kila mtu kwenye ukoo wetu, mimi nikiwemo. Kijijini ndiyo ambulensi, ndiyo gari ya harusi, na ndiyo inayorudisha maiti nyumbani. Kwa hiyo ikisumbua mbele, haisumbui mjomba peke yake.

Sasa twende kwenye chuma. Mbele ya 109 kuna ekseli moja ngumu kutoka tairi hadi tairi, imekalia springi za vyuma bapa vilivyobebana, kama unavyoziona kwenye Fuso. Hakuna koili. Usukani nao si wa moja kwa moja. Ukizungusha, nguvu inaingia kwenye stelingi boksi iliyo karibu na miguu yako, inatoka kwa mkono mfupi, inasukuma rodi ndefu inayokwenda mbele ya gari. Huko mbele, ndani ya chuma cha chesisi kinachokatiza chini ya redieta, kuna kitu kinaitwa rilei. Ni kopo la chuma lililosimama wima, ndani yake kuna shafti, juu mkono na chini mkono. Rilei inapokea kwa mkono wa juu na kutoa kwa mkono wa chini, kwenda kwenye rodi ya pili, ambayo inavuta tairi moja. Halafu tairodi inaunganisha tairi hilo na la upande wa pili.

Hesabu sasa. Rodi tatu, kila moja ina bolijointi mbili: jumla sita. Ongeza boksi, ongeza rilei, ongeza kingpini za pande mbili, beringi za matairi na bushi za springi. Kila kiungo kikiwa na mchezo wa milimita moja tu, huoni shida kwenye kiungo kimoja, lakini kwenye usukani unakusanya yote. Ndiyo maana dereva wa 109 chovu unamuona anapiga usukani kushoto kulia kama anakoroga ugali, na gari inaenda mbele tu.

Barabara zetu nazo zilisaidia sana kuua hivi viungo. Wenye umri wangu mnaikumbuka Kasulu hadi Kibondo kabla ya lami, zaidi ya kilomita 100 za udongo mwekundu: kiangazi vumbi na rasta, masika utelezi. Mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kama kilomita 260, ulipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018, na leo sehemu kubwa ya barabara kuu unateleza tu. Lakini mzigo hauanzii barabara kuu. Maharage, mihogo na tangawizi vinatoka vijijini, na huko bado ni makorongo na mawe. Rasta ndiyo mbaya kuliko mashimo. Shimo linapiga mara moja. Rasta inapiga mara kumi kwa sekunde, saa nzima, na kila pigo linapitia kwenye zile bolijointi sita.

Basi bwana, Machi 2017 mjomba alikuwa anatoka soko la Mabamba, kule mpakani na Burundi, anarudi Kibondo. Magunia manane ya maharage, juu yake abiria sita, mmoja mama mwenye mtoto mgongoni. Mzigo umezidi, najua, msinipigie kelele. Kwenye mteremko mmoja tairi la mbele likakanyaga ukingo wa korongo, na mbele kukaanza kutetemeka. Si ule mtetemo wa kawaida. Matairi yote mawili yalikuwa yanapiga kushoto kulia yenyewe, kwa nguvu, na usukani unakatika na kurudi haraka kuliko mkono wa mtu. Mjomba aliniambia baadaye, "Mjomba, usukani ulinitoka mkononi kama kuna mtu mwingine anaendesha." Akakanyaga breki, gari ikaingia mtaroni ubavu. Yule mama aliruka na mtoto wake akaangukia kwenye nyasi. Hakuna aliyekufa. Gunia moja lilipasuka, na mjomba bega lake la kulia halikuwa bega tena kwa miezi mingi.

Gari ilivutwa hadi Kibondo. Fundi wa kwanza aliyeiona akasema palepale: ishu ni usukani mzito, funga pawa stelingi, nina boksi ya Hilux iliyopinduka, tunachomelea bamba kwenye chesisi, siku mbili unaondoka. Bei yake ilikuwa karibu sawa na yale maharage yote. Mjomba kwa lile bega lake alikuwa tayari kukubali. Mimi ndiye niliyesema tusubiri, na sikusema hivyo kwa akili yoyote. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka mtu yeyote alale chini ya ile gari akaangalie vizuri. Mtaona kwa nini.

Kasulu kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa Landrover tangu enzi ambazo serikali, misheni na polisi wote walikuwa wanaendesha Landrover. Tukaipakia gari kwenye Fuso iliyokuwa inarudi tupu, tukamfuata. Tulimwamkia, akaitikia, hakuuliza habari ya pawa stelingi wala nini. Akasema, "Kijana, panda ukae kwenye usukani. Usiwashe. Tikisa kidogo tu, kushoto kulia, kama unambembeleza mtoto." Yeye akalala chini na gunia mgongoni.

Hiki kipimo hakina gharama na ndicho ninachotaka kila mwenye 109 akifanye kabla hajatoa hata shilingi. Matairi yakiwa chini, injini imezimwa, mmoja anatikisa usukani, mwingine anashika kiungo kimoja kimoja kwa vidole. Macho yanaweza kukudanganya, vidole havidanganyi. Anza kwenye boksi, njoo kwenye rodi ndefu, rilei, rodi ya pili, tairodi. Pale ambapo upande mmoja wa kiungo unacheza na wa pili umetulia, hapo ndipo nguvu inapopotelea.

Halafu pandisha jeki tairi moja la mbele, weka stendi au gogo, usiamini jeki. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki ushike tena. Mchezo ukiisha, shida ilikuwa beringi ya tairi. Ukibaki, ni kingpini. Dakika mbili, na nimeona watu wamebadilisha beringi nzima mara tatu kwa kukosa hizi dakika mbili.

Kwenye gari ya mjomba, mzee alipata bolijointi nne kati ya sita zimeisha. Kingpini ya kulia ilikuwa inacheza unaisikia kwa sikio. Rilei ilikuwa kavu kabisa, haina tone la mafuta, na ndani imeshika kutu. Hiyo rilei ndiyo iliyokuwa inafanya usukani uwe mzito! Wengi hawajui kwamba rilei inakaa na mafuta, yaleyale mazito ya gia, EP90. Ina bolti ya kujazia juu. Mjomba alikuwa na hiyo gari miaka 23 na hakuna fundi aliyewahi kuifungua ile bolti. Na mimi sikujua, msinicheke.

Halafu mzee akashika rodi ya pili, akachukua bisibisi, akakwangua tope lililokauka. Akanyamaza. Akaomba tochi. Chini ya tope kulikuwa na mshono wa welding, na kwenye mshono kuna ufa mwembamba kama unywele.

"Nani alichomelea hapa?"

Mjomba akasema hajui. Mimi nilijua. Mwaka 2015 mjomba alilazwa, gari akaniachia mimi. Nikagonga jiwe njia ya Busunzu, rodi ikapinda. Fundi mmoja akainyoosha kwa nyundo, ilipoanza kupasuka akaichomelea, nikamlipa, nikafurahi kwamba imekuwa bei rahisi. Nikapaka tope na mafuta machafu juu ili isionekane. Miaka miwili mjomba amebeba watu juu ya ule mshono, wajawazito usiku, watoto wa shule, kila mtu.

Nilisema palepale gereji, kwa sababu nilishindwa kumtazama yule mzee usoni. Mjomba hakunijibu. Alienda kukaa kwenye kivuli cha mwembe mpaka saa tisa hivi, akarudi, akaniambia niende nikanunue soda za mafundi. Mpaka leo hajawahi kulirudia lile jambo, na ningependa angelirudia.

Niweke sawa: ule mshono haukusababisha ajali ya Mabamba. Rodi ilikuwa haijakatika. Kilichosababisha ni kingpini iliyolegea pamoja na zile bolijointi, tairi likapata nafasi ya kucheza lenyewe. Lakini mzee alisema rodi ilikuwa imebakiza siku, si miezi. Ikikatika kwenye mwendo hakuna dereva, hakuna breki ya kukusaidia, usukani unazunguka bure mkononi kama wa gari ya mtoto. Kwa hiyo chochote cha stelingi, rodi, mkono, tairodi, hakichomelewi na wala hakipashwi moto kikanyooshwa. Kikipinda kinatupwa. Ukikosa kipya, tafuta kizima kutoka 109 iliyokufa. Sisi tulipata hivyo.

Sasa springi. Hapa ndipo mzee alipocheka kwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma mjomba aliambiwa gari imelala mbele, basi fundi fulani akaongeza vyuma viwili vya springi ya lori kila upande, na akafunga shako ndefu ili kuinua zaidi. Gari ikasimama juu, vijana wakaisifia. Kumbe ndipo kifo cha viungo kilipoanza. Springi ikiwa ngumu kuliko uzito ulio juu yake haikunji tena. Tairi linaruka juu ya rasta badala ya kuifuata, na pigo ambalo springi ilitakiwa kulimeza linaenda kwenye bolijointi na kingpini. Shako ndefu nayo inazungusha ekseli kidogo mahali pake, propela shafti inakaa kwa pembe mbaya, na ile rodi ya stelingi inalala kwa mteremko mkubwa. Rodi ikilala hivyo, kila springi inapokunja, rodi inavuta tairi. Unakanyaga bonde, gari inageuka bila wewe kuiambia.

Mzee akazitoa zote. Vyuma vya lori akavirudisha kwa mjomba, "kafanye majembe." Springi za asili akazifungua kimoja kimoja, akavisugua kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, akapaka grisi ya grafaiti kati ya chuma na chuma, akaweka sentabolti mpya, yubolti mpya, bushi mpya. Hiyo kutu si ya mapambo. Vyuma vya springi vinatakiwa kuteleza juu ya vyenzake kila gari inapokunja. Vikishikana kwa kutu unakuwa na boriti moja nene, si springi. Kuna watu wanaziweka kwenye moto wa mkaa na kuzipiga ziinuke tena. Zinainuka kweli, wiki mbili. Moto wa kukisia unaua ule ugumu wa chuma cha springi, inalala tena au inakatika.

Kingpini ilichukua siku nzima. Juu kuna bushi, chini kuna beringi, na mkazo wake unarekebishwa kwa kuweka au kutoa shimu, vile vibati vyembamba. Ikilegea, tairi linacheza kama la Mabamba. Ikikaza sana, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Kitabu cha gari kinataka upime nguvu ya kuuanzisha mkono wa kingpini kuzunguka, tairodi ikiwa imechomolewa na sili ya mafuta haijafungwa: kilo tano na nusu hadi sita na kidogo. Mafundi wengi wanapima kwa kuhisi. Mzee alituma kijana buchani aazime mizani ya ndoano. Akaitia ndoano kwenye tundu la mkono, akavuta taratibu, akasoma. Kilo nne. Akatoa shimu moja, akavuta tena. Watu wa gereji za jirani walikuja kuangalia, wakidhani tunapima nyama.

Rilei nayo nina onyo, tena kubwa. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana. Ukiifungua mezani bila kuibana inaruka, na inaweza kukuvunja taya au kukutoa jicho. Mzee aliifungulia ndani ya bomba la chuma, na sisi wote tukaambiwa tukae nje. Kuitoa kwenye chesisi pia ni vita, kutu inaishika. Siku mbili za kumwagia dizeli na kugonga kwa kipande cha mti. Ikitoka na shafti yake imeliwa, nunua nyingine. Ya mjomba ilipona: sili mpya, mafuta mapya. Rilei nzima haitakiwi iwe nyepesi kama pangaboi, inatakiwa izunguke kwa uzito fulani laini, bila mikwaruzo. Huo uzito unasaidia kumeza mitetemo.

Mwisho alaimenti. Mashine ya kompyuta hatukuwa nayo, na kwa 109 huihitaji. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, urefu sawa na kitovu cha tairi. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma, urefu uleule. Pima tena. Mbele kunatakiwa kuwe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, unene wa sarafu tu. Rekebisha kwa kuzungusha tairodi. Wale wenye Defender msinakili hii, ya kwenu inavuta matairi yote manne muda wote na matairi ya mbele hukaa sawa au hufunguka kidogo.

Tulipotoka gereji mjomba aliendesha kwa mkono wa kushoto, wa kulia kaufunga kitambaa. Tukapanda mpaka njia ya Makere na kurudi. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Hii gari walikuwa wamenifichia." Usukani ulikuwa mwepesi. Si mwepesi wa Prado, lakini mtu mmoja anaugeuza akiwa anatembea pole pole, na baada ya kona unarudi wenyewe. Na hapo tulikuwa hatujagusa upepo wa matairi, tulikuwa tumejaza kama Canter. Mbele ya 109 inataka kama 25 psi. Ukijaza 50 umejitengenezea rasta yako mwenyewe kwenye lami.

Sasa turudi kwenye pawa stelingi, maana najua ndicho mlichofuata. Mtu mwenye bega bovu au anayeendesha kutwa nzima ana haki yake ya kuifunga, na inaweza kufungwa vizuri. Lakini kumbuka inaongeza nguvu tu, haiondoi mchezo. Ukiifunga juu ya viungo vilivyoisha, ile nguvu mpya inavimaliza kabisa, na kwa sababu mkono wako hausikii tena barabara, hutajua mpaka siku ya siku. Nimeona shokapu ya stelingi ikitumika hivyohivyo: inanyamazisha mtetemo, ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Halafu angalia chesisi. Ya 109 ni boksi la bati lenye uwazi ndani. Ukipitisha bolti na kukaza, boksi linabonyea, baada ya miezi bolti zimelegea, boksi ya stelingi inatembea. Fundi anayejua anaweka vipande vya bomba ndani ya chesisi ambamo bolti zinapita, na bamba pande zote mbili. Ukimuuliza fundi wako kuhusu hayo mabomba akakuangalia tu, chukua funguo zako. Angalia pia boksi inazungusha mkono upande gani, maana ukiifunga kinyume unakata kulia gari inaenda kushoto. Mnacheka, lakini imeshatokea. Na pampu inataka mkanda na mahali pa kukaa kwenye injini. Mkanda ukikatika Mabamba, usukani unakuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla.

Kuna na wanaotaka koili. Landrover yenyewe ilihamia koili kwenye hizi gari za kazi mwaka 1983, ilipotoa One Ten. Hata Landcruiser pikapu za mashirika mnazoziona kambi za Nduta na Nyarugusu, zilikuwa na springi bapa mbele mpaka 1999 ilipokuja ile ya 79. Kwa hiyo springi bapa si ushamba. Kuitia 109 koili ni kubadili chesisi, mikono ya ekseli, kila kitu. Kwa hela hiyo nunua One Ten.

Kama una akiba na unataka kweli kuboresha mbele, hela ipeleke kwenye springi za paraboliki. Hizi ni vyuma viwili au vitatu tu, vinene katikati na vyembamba mwishoni, vimeachana, vinagusana katikati na kwenye ncha. Msuguano unakuwa mdogo, tope halishikani ndani, na tairi linafuata barabara. Ila zinataka shokapu nzuri, maana ule msuguano wa springi za zamani ulikuwa unafanya kazi ya shokapu kimyakimya. Mjomba alifunga mbele tu mwaka 2019 baada ya kuuza mavuno. Mafundi wa utalii Arusha ndio waliotuagizia, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye gunia kama ndizi. Nyuma kabaki na za asili kwa ajili ya mzigo, na sikubishana naye.

Pawa stelingi hakuwahi kufunga. Bega lilipona kiasi. Rilei anaikagua mafuta mwenyewe kila Januari na Juni, na mimi nikifika likizo ananipa gunia nilale chini nishike viungo, yeye anakaa juu anatikisa usukani. Hasemi kwa nini lazima niwe mimi.

Sasa hivi bolijointi ya mbele ya rodi ndefu imeanza kucheza kidogo, na zilizopo madukani Kigoma mpira wake unapasuka kabla ya miezi sita. Mdau mwenye kujua wapi zinapatikana nzima, Dar au Arusha, atuandikie hapo chini na bei.